Jirani mwenye kelele, jirani mwenye matusi: tufanye nini ugomvi ungali mdogo?



Ni saa saba ya usiku hapa Sake. Mtoto amelala kidogo tu, kisha bafle ya nganda ya pembeni inaanza tena. Ukuta wa nyumba ni wa mbao, na kati ya ubao na ubao mna nafasi ya kupitisha kidole. Muziki unaingia, kicheko cha walevi kinaingia, na matusi ya mume na mke wa parsele ya pili yanaingia pia, neno kwa neno, na watoto wanasikia. Saa kumi na moja alfajiri mama wa nyumba anapaswa kuwa njiani kwenda shambani. Afanye nini?

Swali hili linatufikia mara nyingi. Ibada inapokwisha, mtu anamvuta mchungaji pembeni na kusema: "Jirani yangu ananimaliza." Wengine wanataka maombi. Wengine wanataka mchungaji aende kumkemea yule jirani. Na wengine, tuseme ukweli, wamekwisha kufikiri juu ya mtu fulani mwenye bunduki ambaye angeweza kwenda kumtisha kidogo. Ni kwa sababu ya hao wa mwisho hasa tumeandika makala hii. Ugomvi wa kelele unaponyeka ukishughulikiwa mapema, uso kwa uso, ukiwa bado ni ugomvi wa kelele. Ukiachwa, hapa kwetu haukawii kugeuka ugomvi wa kabila, na ukipelekwa kwa mwenye silaha hakuna ajuaye utaishia wapi.

Kwa nini ujirani wa Sake ni mgumu

Sake iko kama kilomita 25 magharibi ya Goma, katika grupema ya Kamuronza, uchifu wa Bahunde, teritware ya Masisi. Ni njia panda. Hapa njia inapanda kuelekea Masisi na Walikale, nyingine inakwenda Kitchanga, nyingine inashuka Minova. Makala, viazi, maharagwe na ndizi hupita hapa kila siku, juu ya magari, pikipiki na chukudu. Mahali pa njia panda hapalali mapema. Kuna nganda, kuna wasafiri waliochelewa, kuna jenereta, kuna motari wanaongojea abiria.

Zaidi ya hayo, sisi wa Sake hatukuchagua majirani zetu. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, watu wengi wa Goma walikimbilia kwetu, wakalala makanisani, mashuleni na ndani ya nyumba zetu. Februari 2024 ikawa zamu yetu. Vita vilikaribia, nasi tukakimbilia Goma na kambi za pembeni yake, tukaishi hema kwa hema, turubai likigusa turubai. Mwanzo wa 2025 kambi hizo zilivunjwa na wengi tukarudi. Wapo waliokuta nyumba imebomoka, wapo waliokuta mabati yameondolewa, na wapo waliokuta mtu mwingine anakaa ndani. Leo parsele moja inaweza kuwa na familia tatu zisizojuana jana, zenye choo kimoja na jiko moja.

Jambo la mwisho ni masikio yetu. Mtu aliyesikia mabomu hawezi kusikia kishindo cha usiku kama mtu mwingine. Kijana akipiga teke mlango wa bati kwa ulevi, mama wa nyumba ya pili anaamka akitafuta watoto ili akimbie. Yule kijana hajui amefanya nini. Kwake ni mlango tu.

Tunasema haya ili kila mmoja apime hasira yake. Mara nyingi uchovu, hofu na msongamano vimekwisha kuijaza debe, na jirani ameongeza tone la mwisho tu.

Tutenganishe mambo

Kosa la kwanza tunalofanya ni kuyaweka yote katika gunia moja na kusema, "Jirani yangu ni mbaya." Dawa ya kelele si dawa ya matusi, wala dawa ya matusi si dawa ya fimbo. Tutenganishe mambo manne.

La kwanza ni kelele ya asiyejua. Hajui kwamba redio yake inafika kwako. Huyu anahitaji kuambiwa tu.

La pili ni kelele ya anayejua lakini hajali. Ameambiwa, anaendelea. Huyu anahitaji mashahidi na makubaliano.

La tatu ni matusi: kumtukana mtu mbele ya watoto wake, kumwita mchawi, kumwita mwizi, kulitukana kabila lake. Hili ni jeraha la jina la mtu, na lina njia yake.

La nne ni vitisho na mapigo. Hapa hatuzungumzi tena juu ya ujirani mgumu. Hapa tunazungumza juu ya hatari, na hatari haipatanishwi kwa kikombe cha chai. Tutarudia jambo hili.

Tuanze na bafle zetu wenyewe

Kabla hatujamshitaki mwenye nganda, tusikie yeye anasema nini juu yetu. Anasema: "Mimi napiga muziki Jumamosi. Wao wanapiga kila siku, na mkesha wa Ijumaa hadi asubuhi, nao wanasema ni Mungu."

Kusanyiko moja la ushirika wetu lilifanya kosa hilo kabla ya kukimbia. Liliweka bafle mbili juu ya ukuta, zikielekea nje, ili waliobaki nyumbani wasikie Neno. Jirani wa nyuma alikuwa na mama mgonjwa. Alikuja mara moja kuomba kwa heshima. Aliyempokea alimjibu kwamba anayechukia sifa ana shetani. Yule jirani hakurudi, akaacha kutusalimu. Baada ya majuma machache mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati wakati wa maombi, na baadhi yetu wakaanza kuhubiri kwamba tunateswa kwa ajili ya jina la Yesu.

Mama mmoja mzee wa kusanyiko ndiye aliyetuokoa. Alichukua kikapu cha viazi, akaenda kumwangalia yule mgonjwa, akakaa naye mchana wote. Aliporudi alisema: "Wale si adui wa Mungu. Wale hawajalala." Bafle ziliteremshwa. Mkesha uliendelea, lakini bila mikro baada ya saa tatu ya usiku. Yule jirani hajawa mshirika wetu hata leo. Alianza tena kutusalimu, na mawe yakaisha.

Neno la Mungu lilikwisha kutuonya. Mithali 27:14 inasema juu ya mtu anayembariki rafiki yake kwa sauti kubwa alfajiri: baraka hiyo itahesabiwa kuwa laana. Na katika Amosi 5 Mungu mwenyewe anachoka na kelele za nyimbo za watu wasiotenda haki. Jirani asiyelala kwa sababu yetu ana haki juu yetu.

Wenye mamlaka nao wanaona. Ng'ambo ya mpaka, mwanzoni mwa 2018, serikali ya Rwanda ilifunga zaidi ya makanisa 700 mjini Kigali. Sababu zilikuwa za usafi, za usalama wa majengo, na kelele pia. Tusingoje kufungiwa ili tujifunze kuteremsha sauti.

Tujue pia sauti inavyotembea. Shirika la Afya Ulimwenguni lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele ya usiku nje ya chumba cha kulala isizidi desibeli 45. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana yanafika kama 60. Bafle kubwa, kwa mtu aliye karibu nayo, inaweza kupita 100. Sauti nzito ya ngoma na ya gita la besi hupenya ukuta wa mbao kwa urahisi kuliko sauti nyembamba ya kuimba. Kwa hiyo hata mafundi wetu wanaweza kusaidia: bafle ziwe chini, zielekee ndani, kwa watu waliokuja kuabudu, besi ipunguzwe, ukumbi wa watu hamsini hauhitaji bafle za uwanja wa mpira. Hayo hayapunguzi upako.

Hatua ya kwanza: nenda wewe, peke yako, mchana

Katika Mathayo 18 Bwana wetu anatupa utaratibu: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mashahidi mmoja au wawili, kisha kusanyiko. Wengi wetu tunaanza mwishoni. Tunaanza kwa kuwaambia watu wote, na mhusika ndiye wa mwisho kusikia.

Usiende usiku, kelele ikiendelea. Wakati huo yeye amelewa au amechangamka, wewe umekasirika, na wageni wake wanatazama. Mbele ya wageni hakuna mtu anayekubali kosa. Ngoja kesho, saa ambayo amekwisha kunawa uso na kula. Usimtume mtoto. Usimtume mfanyakazi. Usiandike katika kundi la WhatsApp la avenyu. Wala usimwombe mchungaji amchome kwa mahubiri ya Jumapili, maana akisikia habari hiyo amekwisha kuwa adui wa mimbari.

Ukifika, salimu kama desturi inavyotaka. Uliza habari ya watoto na ya shamba. Kisha sema jambo moja tu, lililo wazi, na uombe jambo moja tu. Kwa mfano:

"Papa, nimekuja kwako kama jirani, sikuja kwa ugomvi. Usiku wa jana muziki ulifika kwetu mpaka saa nane. Mtoto wangu ana homa, hakulala. Naomba, ikifika saa tatu, uteremshe sauti, au ugeuze bafle upande wa barabara. Na kama sisi pia tuna jambo linalokusumbua, niambie."

Hilo neno la mwisho usilisahau. Pengine atakuambia kwamba jogoo wako, moshi wa jiko lako, maji machafu unayomwaga au maombi yako ya alfajiri vimemchosha miezi mingi naye alinyamaza. Kama ni kweli, kubali na urekebishe siku hiyo hiyo. Mtu aliyeona wewe umerekebisha upande wako hupata haya kuendelea na upande wake.

Kumbuka pia kwamba nganda ni chakula cha watu. Mama anayeuza kasiksi pale pengine ni mjane anayelipa shule kwa fedha hiyo. Ukimwambia afunge, umemwambia watoto wake wasile. Ukimwambia ateremshe sauti saa tatu, umemwomba jambo analoliweza.

Kama mwenye kelele ni mkubwa wako kwa umri, au ni mwanamume na wewe ni mama unayekaa peke yako na watoto, si lazima uende bila mtu. Mpitie mke wake, dada yake, au mzee anayemheshimu. Huo si woga, ni hekima.

Hatua ya pili: mashahidi wa pande mbili

Umekwenda mara moja, umekwenda mara ya pili, hakuna kilichobadilika. Sasa tafuta watu wawili au watatu. Hapa tunakosea mara nyingi, kwa sababu tunachukua watu wa kwetu. Mhunde anakuja na Wahunde, Mhutu na Wahutu, Mtutsi na Watutsi, Mnande na Wanande. Jirani akifungua mlango anaona kabila limesimama uani kwake, na ile habari ya bafle imekwisha kupotea. Chagua mtu mmoja ambaye yeye atamkubali, na ni afadhali umwombe amchague mwenyewe. Mwingine awe kiongozi wa nyumba kumi au wa avenyu, kwa maana ndiye atakayeulizwa jambo likiendelea.

Kabla ya kukaa, andika katika daftari: siku gani, saa ngapi, kelele gani, nani aliamka, ulisema naye lini, alijibu nini. Mambo matatu yaliyoandikwa ni bora kuliko kusema "kila siku" na "siku zote". Na kubalianeni mapema kwamba hakuna atakayelipa fedha wala kreti ya bia ili asikilizwe. Haki inayoanza na kinywaji humwangukia asiye na cha kununua.

Makubaliano yawe mafupi na ya kupimika. Saa ya kuteremsha sauti siku za kazi. Saa ya mwisho ya Jumamosi. Siku za kilio na za arusi, kwa kuwa siku hizo kila mtu huhitaji uvumilivu wa wenzake, na mwenye shughuli awaonye majirani mapema. Upande wa bafle. Namba ya simu ya kupiga kabla ya kukasirika. Andikeni, someni kwa sauti, kila mmoja abaki na nakala. Baada ya juma mbili, wale mashahidi warudi kuuliza hali. Makubaliano mengi hufa kwa sababu hakuna aliyerudi kuuliza.

Tuna mifano ya kazi ya namna hii katika jimbo letu. HEAL Africa, ambayo wengi mnaijua kwa hospitali yake ya Goma, iliunda vijijini kamati za Nehemia zilizowakusanya viongozi wa dini na makabila mbalimbali, ili wasaidie kutatua migogoro ya jamii kabla haijawaka. Kusanyiko letu, liwe la CBCA, la CEPAC au jingine, linaweza kuwa na wazee wawili na mama wawili wanaojulikana kwa kazi hiyo. Wasiwe waamuzi wa kutoa hukumu. Wawe watu wa kusikiliza.

Matusi yana uzito wake

Kelele ikiisha, usingizi unarudi. Tusi halirudi lilikotoka. Ulimi hauna mfupa, lakini Yakobo anatukumbusha katika sura ya 3 kwamba ni moto mdogo unaoweza kuwasha msitu mkubwa.

Ukitukanwa, jibu lako la kwanza ni kutojibu hapo hapo. Ingia ndani, wachukue watoto, funga mlango. Si kwamba huna la kusema. Ukijibu kwa tusi, mashahidi wote watasema "walitukanana", na haki yako itakuwa imekwisha. Kesho fuata zile hatua tulizotaja, na usichoombe kiwe fidia kwanza. Omba aache, na kama alikutukana mbele ya watu, aombe radhi mbele ya watu hao hao.

Sheria pia ipo. Kitabu cha sheria za makosa cha nchi yetu, kifungu cha 75, kinamwadhibu anayemtukana mtu hadharani. Anaweza kufungwa siku nane hadi miezi miwili, au kulipishwa faini. Kusema hivyo kwa upole mbele ya mashahidi mara nyingi kunatosha. Wengi wanadhani matusi ni mambo ya mdomo tu.

Kuna tusi moja ambalo hatuwezi kulihesabu kama mengine. Ni tusi la kabila. "Rudini kwenu." "Ninyi si watu wa hapa." "Ninyi ndivyo mlivyo." Wazee wetu wanakumbuka Machi 1993, jinsi mauaji yalivyoanza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea mpaka Masisi, na watu waliokuwa wakiazimana jembe na chumvi wakawindana. Chanzo kilikuwa kirefu: ardhi, mamlaka, uraia. Lakini maneno yalitangulia mapanga. Kwa hiyo mtu anayetupa tusi la kabila katika ugomvi wa bafle anapita na kijinga cha moto ndani ya nyumba za majani, hata kama yeye amelewa tu.

Nchi yetu ilijua hatari hiyo zamani. Amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Katiba ya 2006, kifungu cha 66, inamtaka kila Mkongomani amheshimu mwenzake na kumtendea bila ubaguzi, na kuishi naye kwa namna inayolinda umoja na uvumilivu. Sisi Wakristo tuna sababu kubwa zaidi. Msamaria wa mfano wa Yesu alikuwa wa kabila lililodharauliwa, naye ndiye aliyeitwa jirani.

Mshirika wetu akisema tusi kama hilo, wazee wa kanisa wasingoje aliyetukanwa aje kulalamika. Waende kwa mshirika wetu kwanza.

Tusiite bunduki

Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike. Katika mji ambao silaha zimepita mkono hadi mkono, kila mtu anamjua mtu. Shemeji yuko katika kundi hili, mtoto wa dada yuko katika kundi lile, motari fulani hunywa na mwanajeshi fulani. Ni rahisi kusema: "Nenda umtishe kidogo tu, ateremshe muziki."

Hakuna "kidogo tu". Mwenye bunduki akifika kwa jirani yako, anafika na haja zake mwenyewe. Atachukua simu, atachukua mbuzi, atampiga kijana, na kesho atarudi kwako kudai shukrani. Pengine jirani atatajwa kuwa ni mpelelezi wa upande wa pili, na neno hilo katika nchi ya vita linaua. Nawe utakaa ukijua kwamba mtu alipotea kwa sababu ya redio. Kisha mamlaka yanabadilika, kama tulivyoona yakibadilika mara nyingi, na jirani naye anapata mtu wake mwenye bunduki.

Wenye mamlaka wanakuja na kuondoka. Jirani anabaki. Siku nyumba yako itakaposhika moto, siku mke wako atakapopatwa na uchungu usiku, wa kwanza kusikia ukilia ni yule yule ambaye unasikia muziki wake.

Pasipo na upatanishi

Tulisema tutarudia jambo la nne. Jirani akipiga, akitishia kwa panga, akiwavizia wasichana kisimani, akimpiga mkewe mpaka damu, tusimwambie aliyeumizwa "vumilia, omba" wala tusiwaketishe wawili hao kwenye kiti kimoja ili wapatane. Kazi ya kwanza ni kumtoa aliye hatarini na kumweka mahali salama, kwa ndugu au kwa mama wa kanisa anayetunza siri. Ya pili ni hospitali. Aliyebakwa afikishwe kwa waganga kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya muda huo, na inafaa zaidi ikianza mapema. Asipowahi, bado aende. Kuna mengine ya kutibiwa. HEAL Africa mjini Goma na Panzi mjini Bukavu zinajulikana kwa kuwahudumia walioumizwa hivyo. Baada ya hapo ndipo tunamsaidia, akitaka mwenyewe, kufuata njia ya sheria.

Na tukisikia mtoto akipigwa usiku kupita kiasi, ukuta wa mbao umetufanya mashahidi. Tusijifanye hatukusikia.

Kama yote yameshindikana

Wapo majirani ambao hawatabadilika. Warumi 12:18 inatuambia tuishi kwa amani na watu wote, kwa kadiri iwezekanavyo, kwa upande wetu. Paulo alijua kwamba upande wa pili si wetu. Ukiisha kufanya upande wako, huna hatia.

Hapo fanya unaloweza. Hamisha kitanda upande wa mbali. Ziba nafasi za mbao kwa udongo au kwa maboksi. Haiondoi kelele yote lakini inapunguza. Kubaliana na ndugu ili watoto walale kwake usiku wa Jumamosi. Na kama unapanga na unaweza kuhama, kuhama si kushindwa. Katika Mwanzo 13, wachungaji wa Abrahamu na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha. Abrahamu, aliye mkubwa, alimwacha mdogo achague kwanza, akaenda upande mwingine. Sisi watu wa Masisi, tunaojua ugomvi wa malisho na mashamba, tunapaswa kuisoma sura hiyo mara nyingi.

Juma hili

Tunaomba kila kusanyiko lifanye mambo matatu juma hili. Kwanza, mafundi wa bafle na wazee watoke nje wakati wa ibada, wasimame mlangoni kwa jirani wa karibu, wasikie anachosikia yeye. Pili, wawili waende kwa jirani huyo kumwuliza, bila kujitetea, kama kanisa linamsumbua na saa gani. Tatu, kila mshirika mwenye kinyongo na jirani achague siku moja, mchana, aende kusema naye peke yao, kabla hajamwambia mtu mwingine yeyote.

Msiende mikono mitupu, kama mnacho. Viazi vichache vinatosha.

Bwana awape usiku wa utulivu, ninyi na majirani zenu.